Mkwe Wangu Haingii Bwaloni

Ofisi ya Matroni
Chuo cha Ualimu Mtakatifu Monika
Shanwe, Mpanda
12 Februari 1996

Kwa mwanachuo Evarist Masele, Bweni la Pili

Ndugu mwanachuo,

Nakuandikia kama matroni wa chuo. Yale mengine yaliyopo kati yangu na wewe tuyaweke kando kwa ukurasa huu mmoja, maana tukianza nayo hatutafika popote.

Leo asubuhi umeanguka mstarini. Nimeambiwa ulisema ni jua. Mwezi wa pili, saa moja asubuhi, mawingu yametanda mpaka Mwese, jua gani hilo? Leonidas mpishi ananiambia kwamba tangu patroni ahamishwe na mimi kupewa kazi ya kusimamia bwalo, hujakanyaga mle ndani.

Sababu naijua. Umemuoa binti yangu Cecilia, na mkwe hali mbele ya mama mkwe, hapokei kitu mkononi mwake, wala hakai naye chumba kimoja. Ndivyo tulivyolelewa, sisi Wakonongo na nyie Wasukuma vilevile, simlaumu mtu. Wiki iliyopita uliniona natokea upande wa tangi la maji, ukaruka ndani ya mihogo ya chuo. Nilikuona. Niligeuza uso nikaharakisha ili utoke upesi, maana ile mihogo ina siafu.

Wanachuo wengine wakiwa na shida wanakuja ofisini, wanakaa kwenye benchi, wanalia au wanafoka, halafu tunatafuta njia. Ndiyo kazi niliyopewa hapa. Wewe huwezi kukaa kwenye benchi langu, na mimi siwezi kukuita. Basi tuandikiane. Jibu uliweke dirisha la stoo, chini ya tofali. Ninachoandikiwa hapo simwonyeshi mtu, hata Mkuu wa Chuo.

Unakula wapi?

Dina Yohani
Matroni


Bweni la Pili
13 Februari 1996

Kwa Mama Matroni,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeinamisha kichwa, Mama ajue hivyo.

Nimeipokea barua kwa heshima kubwa. Mimi sina shida yoyote. Chakula ananiletea mwenzangu wa kitanda cha juu, Fabrice wa Katumba, nakula bwenini na nashiba. Kuanguka kwangu kulisababishwa na viatu. Kwa upande wa mihogo, nilikuwa naangalia kama imekomaa.

Naomba Mama asijisumbue kwa ajili yangu.

Ni mimi mwanachuo,
E. Masele


Ofisi ya Matroni
15 Februari 1996

Ndugu mwanachuo,

Juzi jua, jana viatu. Kesho utaniambia ni chaki.

Nimeongea na Leonidas. Wewe na Fabrice mtakula zamu ya pili. Zamu hiyo ikianza mimi nitatokea mlango wa nyuma kwenda kuangalia wagonjwa, na sitarudi mpaka vyombo vimeoshwa. Nikishatoka, Leonidas atagonga mfuniko wa sufuria kubwa. Ukisikia mfuniko, bwalo ni lako. Kaa, ule kama mtu mzima mwenye mke.

Matroni


Mwese
20 Februari 1996

Mama yangu mpendwa,

Barua hii wanaileta watu wa lori la maharage. Wameahidi kufika kesho, lakini nawajua, kwa hiyo usishangae ukiipata wiki ijayo.

Mimi mzima na mtoto anacheza. Nesi wa zahanati anasema yuko vizuri, nitajifungua mwishoni mwa mwezi wa tano. Mama, Evarist bado sijamwambia. Najua utanigombeza. Krismasi daraja lilipochukuliwa na maji akashindwa kuja, nililia, halafu nikashukuru, kwa sababu angeliona tumbo. Akijua atarudi. Ataacha madaftari juu ya meza na kurudi kwa miguu, akae hapa mlangoni ananiangalia, kama alivyokaa tulipomzika Innocent wetu. Na wameshasema mwalimu asiyepanda daraja mwaka huu hana kazi tena. Tutamlea huyu kwa kitu gani?

Halafu hata mimi naogopa. Mtoto wa kwanza nilimtangaza kijiji kizima. Huyu nataka kwanza azaliwe, alie, ndipo niseme. Nimekwambia wewe tu, kaa nalo.

Je, anakula? Ameniandikia kwamba amenenepa mpaka suruali inambana. Nilicheka peke yangu jikoni. Ningesema umsalimie, lakini wewe na yeye ndiyo hivyo tena, basi mwangalie kwa mbali.

Mwanao,
Cecilia


Ofisi ya Matroni
4 Machi 1996

Ndugu mwanachuo,

Leonidas amegonga ule mfuniko mpaka umebonyea. Anasema unaingia, unakaa, unanawa, unakata tonge, halafu unaisogeza sahani kwa Fabrice. Anayenenepa hapa ni Fabrice.

Kumbe si mimi. Nilijipa ukubwa bure, nikadhani ni mimi ninayekuziba koo, nikawa natoka bwaloni kwa mlango wa nyuma kila siku kama mwizi wa mboga. Nimejicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nitakuuliza mara moja, na ukitaka usijibu. Ni Innocent?

Matroni


Bweni la Pili
6 Machi 1996

Mama,

Ni yeye.

Alipoanza kukaa, alikuwa anakula kwangu. Cecilia anamtengenezea uji wake, anaukataa, anatambaa mpaka kwenye sahani yangu. Tonge la kwanza nalilainisha na mchuzi, nampa, halafu ndipo mimi nakula. Sasa nikikata tonge la kwanza mkono unagoma. Unakaa pale na tonge, watu wananiangalia. Nampa Fabrice sahani ili waache kuniangalia.

Nyumbani hatumtaji. Tulipotoka kuzika nilimwambia mke wangu tusimtaje, atapumzika. Hakubisha. Halafu chuo kikafunguliwa nikaja huku, na huku hakuna anayejua kwamba niliwahi kuwa na mtoto. Fabrice hajui. Wiki iliyopita darasani tulisoma jinsi mtoto wa miezi minane anavyoshika vitu kwa vidole. Mwalimu alichora mkono ubaoni. Nilitoka nje nikasema naumwa tumbo.

Nimeshaamua, mwisho wa mwezi huu narudi Mwese. Masomo hayaingii. Nasoma ukurasa, nikifika chini sijui juu paliandikwa nini. Nitalima. Naomba usimwambie Cecilia kabla sijafika, atakimbilia barabarani kunizuia.

Samahani kwa barua isiyo na adabu.

Evarist


Shanwe
7 Machi 1996

Mwanangu,

Leo sitaandika kama matroni, nimechoka kuwa matroni.

Siku ile ya mazishi nilifika Mwese jioni. Niliingizwa ndani na wanawake, wewe ulikuwa nje na wanaume. Kila mtu alikupa pole, hata watu waliokuwa wanapita njia na baiskeli zao. Mimi, bibi yake, sikukupa, kwa sababu mkwe hapewi mkono. Nilikusikia unalia upande wa pili wa ukuta nikaziba mdomo kwa kanga. Kesho yake niliondoka. Mpaka leo sijakupa pole.

Pole, mwanangu. Pole sana. Nilimpenda mno yule mtoto.

Sasa nisikilize. Tonge la kwanza usiache kulikata. Likate, lilainishe na mchuzi kama ulivyozoea, liweke pembeni ya sahani. Hilo ni lake. Wewe kula la pili. Atakayekuuliza, mwambie ni la mwanangu Innocent.

Jambo jingine. Jumamosi mchana kuna wanachuo wanakaa baraza la stoo kuchambua maharage ya wiki nzima. Sikuwapangia zamu. Kuna aliyefiwa, kuna aliyeachwa na mchumba, kuna Vestina, wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo, ambaye dada zake wako Burundi na hajui kama wako hai. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe, nimeliona hilo mara nyingi. Kawaida mimi hukaa katikati yao. Jumamosi hii nitakaa ndani ya stoo na kurudisha mlango. Nitakusikia tu. Njoo umtaje mtoto wako, kwa jina lake, mbele ya watu.

Kuhusu kuondoka, sikufungi kamba. Naomba usubiri mpaka Pasaka. Cecilia simwambii kitu.

Dina


Bweni la Pili
18 Machi 1996

Shikamoo Mama,

Nimekuja Jumamosi mbili. Ya kwanza sikusema neno, nilichambua maharage mpaka Vestina akaniambia, "Wewe kaka, sasa unatupa hata mazima." Jumamosi iliyopita nikasema. Nikaanza na jina lake, halafu nikaeleza alivyomvuta padre ndevu siku ya ubatizo na kukataa kuachia, na padre akaendelea kusoma sala shingo imepinda. Mama akacheka ndani ya stoo. Sote tuligeukia mlango, halafu tukacheka na sisi. Nililia pia, lakini kilio hicho sikukionea aibu.

Fabrice naye kaanza kuweka tonge pembeni. Anasema ni la mdogo wake. Tumelala kitanda kimoja, juu na chini, tangu Septemba, na sikujua kama aliwahi kuwa na mdogo.

Nakula, Mama. Ukurasa nao unabaki kichwani, si wote. Nitamaliza kozi hii. Ila Pasaka nimeomba ruhusa niende Mwese, nimwone mke wangu, nimwambie kwamba tulikosea kutomtaja mtoto. Halafu nirudi kusomea mtihani.

Mwanao,
Evarist


Shanwe
19 Machi 1996

Cecilia,

Nakuandikia haraka, lori linapakia. Mumeo anakuja Pasaka. Kanga hata uvae tatu, tumbo la miezi saba halifichiki.

Siri yako nimeikalia, na ya kwake nimeikalia, kiti hakina nafasi tena. Kila mmoja ananiambia nisimwambie mwenzake. Mimi sisemi. Mwandikie wewe mwenyewe kabla hajaona kwa macho, maana mtu aliyefichwa jambo na mke wake na mama mkwe kwa pamoja atajiona mgeni nyumbani kwake. Yuko imara kuliko unavyofikiri. Mwambie.

Mama yako


Mwese
27 Machi 1996

Mume wangu Evarist,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Nina mimba. Ni ya kuanzia zile siku za mwisho kabla hujaenda chuo. Mtoto atazaliwa mwezi wa tano, siku zile zile za mtihani wako. Sikukwambia kwa kuwa nilijua utarudi, na nilitaka sana urudi, ndiyo maana sikukwambia. Kuna siku nilikaa na kalamu nikaandika "njoo", nikachana.

Nilikuwa napika chakula na kukila nimesimama, ili nisione pale ulipokuwa unakaa naye. Hayo sikukwambia pia.

Mama anajua. Usimkasirikie, nilimwapisha. Nikasirikie mimi, ila kwa barua, usije kwa hasira. Barabara ya kwetu imekatika tena sehemu mbili, hata lori limelala njiani.

Mkeo,
Cecilia


Bweni la Pili
1 Aprili 1996

Kwa Mama Matroni,

Mlijua. Nilikuwa natoa moyo wangu chini ya tofali lako, na wewe unajua kwamba mke wangu yuko peke yake kule mlimani na mimba, mvua inanyesha, zahanati ni mwendo, na huyo wa kwanza tulimpoteza hivyo hivyo tukisubiri njia ipitike. Ukaniambia nichambue maharage.

Siwezi kukaa hapa kushika kalamu. Kesho alfajiri naondoka kwa miguu. Mtihani watafanya wenye bahati.

Samahani.

E. Masele


Shanwe
1 Aprili 1996

Mwanangu,

Kasirika, una haki. Aliniapisha, kama wewe ulivyoniapisha kuhusu kuondoka kwako. Ningevunja ahadi yake, na yako ingekuwa haina maana. Lakini iliniuma kila nilipoinua lile tofali, na sitakuficha jambo tena, ujue hilo.

Usiende Mwese, atakuja yeye. Nimetuma ujumbe kwa paroko wa huko, wana trekta inayovuka pale palipokatika, itamfikisha kwenye lori upande wa huku. Wiki ya Pasaka nataka awe Shanwe, nyumbani kwangu, jirani na hospitali. Ukiondoka kesho mtapishana njiani, wewe unapanda na yeye anashuka.

Najua unawaza nini. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe. Basi mama mkwe atatoka. Kila Jumapili baada ya misa nitahamia bweni la wasichana, nitashinda huko mpaka jua linazama. Nyumba nitaiacha na ninyi wawili. Ufunguo atakuwa nao Cecilia. Sufuria yangu nyeusi msiiguse, ina mpini mbovu.

Kaa, Evarist. Umebakiza mwezi wa Aprili na wa Mei tu. Nakuomba.

Dina


Bweni la Pili
15 Aprili 1996

Shikamoo Mama,

Jana nilisimama nje ya uzio kwa muda mrefu nikikohoa, ingawa nilijua Mama hayupo. Cecilia alitoka akaniambia, "Unamkohoa nani? Ingia, chakula kinapoa."

Tulikula sahani moja. Alilikata yeye tonge la kwanza, kabla sijamweleza lolote, akaliweka pembeni. Tulimtaja Innocent mchana kutwa, mpaka tukaanza kubishana jino lilianza la juu au la chini. Ni la chini, Mama ni shahidi.

Nilisema maneno mabaya kwenye barua yangu ya mwisho. Mama alikuwa anashinda bwenini, juu ya kitanda cha mgonjwa, ili mimi nikae kwenye kiti chake. Sina namna ya kushukuru.

Ombi langu ni moja. Saa yake ikifika niambiwe, hata kama nimeshika kalamu.

Mwanao,
Evarist


Hospitali, Mpanda
29 Mei 1996, asubuhi

Evarist,

Nilikuahidi, kwa hiyo naandika, na Leonidas atakupa karatasi hii mkitoka kwenye somo la asubuhi. Cecilia yuko leba tangu alfajiri. Mkunga anasema mtoto amelala vizuri ila uchungu unakwenda polepole, inabidi kusubiri. Najua ni somo lenu la mwisho mchana huu, na asiyelifanya hapandi daraja. Cecilia anasema ukiliacha hatakufungulia mlango. Amesema kwa sauti, wodi nzima imesikia.

Uamuzi ni wako, simkatazi mtu kumfuata mke wake.

Dina


Chuoni
29 Mei 1996, mapumziko

Mama,

Naandika nimesimama, usishangae mwandiko. Nimefika getini mara mbili na kurudi. Siku ile ya Innocent nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na kuwepo kwangu hakukumsaidia. Leo sipo. Sijui lipi zito. Leonidas amekataa kuondoka mpaka niandike, na amenisimamia na sahani mkononi.

Nitakaa nifanye. Lakini kama kuna lolote, Mama, lolote lile, niambie ukweli wote. Uliniahidi.

Evarist


Hospitali, Mpanda
29 Mei 1996, mchana

Mwanangu,

Ukweli wote ni huu. Ni mtoto wa kike. Amelia kabla hajatoka vizuri, mkunga amecheka. Cecilia amechoka, amekunywa uji, ananiuliza kama umekula. Wote wawili wazima. Nimewashika mimi mwenyewe, nimewatazama kila mahali, siachi kitu.

Ingia kwenye chumba cha mtihani. Jibu maswali yote, hata lile usilolijua andika kitu.

Ukimaliza njoo wodini. Usikohoe mlangoni wala kumtuma nesi aje aniambie nipishe. Nimewapisha watu vya kutosha mwaka huu. Wazee wakisikia watasema sana, na mimi nitawajibu kwamba hapa ni hospitali na mimi ndiye matroni wako. Siku ya mazishi nilikaa nyuma ya ukuta. Leo sikai. Nitakuwa nimesimama pale pale kitandani, na mtoto nitakupa mimi, kwa mikono yangu, na wewe utampokea.

Sitoki, Evarist. Njoo uingie.

Mama yako